Picha ya "Baba" na fedha alizorudisha Rajinikanth

Tarehe 15 Agosti 2002, sikukuu ya uhuru wa India, Rajinikanth, nyota wa sinema ya Kitamil, alitoa picha ambayo hadithi yake aliitunga yeye, mtaji aliutia yeye na steringi alikuwa yeye. Jina lake Baba. Watu wa Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, walikuwa wameisubiri kwa zaidi ya miaka mitatu, wasambazaji wameinunua kwa bei ya kutisha, na haikuchukua muda kabla ya kila mtu kwenye biashara hiyo kujua kwamba imeanguka. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Rajinikanth aliwaita walioinunua picha yake akawafidia hasara. Hakuna mahakama iliyomwamuru.

Kisa hiki husimuliwa hadi leo kama ushahidi wa utu wake, na mimi siupingi ushahidi huo. Ila ukifuatilia yaliyompata mtu huyo katika miaka ishirini iliyofuata, utaona kwamba kisa kinasimuliwa nusu. Rajinikanth alilipa kwa sababu alikuwa mwenye mali: picha ilikuwa yake, bei aliipanga yeye, fedha zilizozidi zilikuwa mikononi mwake. Soko likachukua funzo jingine kabisa, kwamba amelipa kwa sababu yeye ni Rajinikanth. Funzo hilo lilimrudia mwaka 2008, likamrudia 2014, na likamrudia tena 2020.

Tuanze na mtu mwenyewe, kwa ufupi. Wengi wetu tuliokulia na picha za Kihindi tunamjua Amitabh Bachchan kuliko huyu. Lakini Rajinikanth alizicheza upya kwa Kitamil picha kadhaa za Amitabh: Don ikawa Billa mwaka 1980, Deewaar ikawa Thee mwaka 1981. Sinema ya Kitamil ni ulimwengu wake, makao yake ni Chennai, ina lugha yake, muziki wake na siasa zake, na Mumbai, makao ya sinema ya Kihindi, haina amri juu yake. Rajinikanth mwenyewe si Mtamil wa kuzaliwa. Jina lake ni Shivaji Rao Gaekwad, mtoto wa familia ya Kimarathi ya Bangalore, aliyezaliwa tarehe 12 Desemba 1950 na kufanya kazi ya ukondakta wa basi kabla ya kwenda kusomea uigizaji Madras, jina la zamani la Chennai. Muongozaji K. Balachander alimpa nafasi ndogo katika Apoorva Raagangal mwaka 1975. Akaanza na nafasi za uadui, akapanda, na kufikia miaka ya tisini hakuna aliyekuwa juu yake: Annaamalai mwaka 1992, Baashha na Muthu mwaka 1995, Padayappa mwaka 1999. Muthu ilivuka bahari ikapendwa hadi Japani.

Padayappa ilitoka ikiwa na nakala 210 duniani kote, kiasi ambacho hakuna picha ya Kitamil iliyokuwa imewahi kukifikia, na ikavunja rekodi za mapato. Baada yake akanyamaza. Ukimya huo ndio uliopandisha bei ya Baba.

Picha inavyouzwa kabla haijaonekana

Bila kuelewa biashara hii hutaelewa malipo yake, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Tamil Nadu imegawanywa na watu wa sinema katika maeneo ya mauzo. Kuna Chennai mjini. Kuna Chengalpattu pamoja na Arcot ya Kaskazini na ya Kusini, ambayo ni eneo kubwa na lenye fedha. Kuna Coimbatore, kuna Salem, kuna Madurai na Ramnad, kuna Trichy na Thanjavur, kuna Tirunelveli na Kanyakumari huko kusini kabisa. Mtayarishaji huuza haki za picha yake eneo kwa eneo, na mara nyingi huuza kabla picha haijakamilika. Mnunuzi hajaona hata tukio moja. Anachokinunua ni jina la steringi, jina la muongozaji, nyimbo kama zimeshatoka, na siku ya kutoka.

Njia za kuuza ni tatu. Ya kwanza ni kuuza moja kwa moja: lipa, chukua, faida yako, hasara yako. Ya pili ni malipo ya uhakika, yaani msambazaji hulipa kiwango walichokubaliana ambacho hakirudi hata kama ukumbi utabaki mtupu, na mapato yakizidi kiwango hicho na gharama, ziada hugawanywa. Ya tatu ni ya kamisheni: msambazaji hutoa fedha za kutanguliza, picha isipozirudisha mtayarishaji humlipa tofauti. Katika njia ya tatu hatari ni ya mtayarishaji. Katika mbili za kwanza hatari ni ya mnunuzi, na ndiyo maana ya neno "uhakika" hapo: uhakika ni wa muuzaji peke yake.

Sasa angalia mnyororo. Msambazaji wa Trichy hana fedha zote kabatini. Anakopa kwa wakopeshaji wa sinema, kwa riba, na anachukua arubuni kwa wenye majumba ya sinema wa miji midogo, ambao nao wamekopa. Picha ya steringi mkubwa ikija, mwenye ukumbi hathubutu kuikosa, kwa sababu jirani yake akiipata yeye atafunga milango kwa mwezi mzima. Kwa hiyo bei inapanda kila inapopita mkono, na mwisho wa mnyororo yuko mtu mwenye ukumbi mmoja katika mji wa wilaya, ambaye maisha yake ya mwaka mzima yanategemea wiki tatu za kwanza. Wafanyabiashara wetu wa pwani wana neno la mali inayochukuliwa kwa imani bila fedha mkononi, mali kauli. Huko fedha hutangulia na imani ndiyo inayochukuliwa.

Hiyo imani ilikuwa na sura unayoweza kuiona kwa macho. Mwaka 2002 picha zilisafiri kwa mikanda ya milimita 35 ndani ya masanduku. Sanduku la picha ya Rajinikanth lilipofika mjini halikuteremshwa kama mzigo wa kawaida. Mashabiki walilipokea kwa ngoma na fataki, wakalifukizia kafuri, wakalisindikiza hadi mlango wa ukumbi huku wakiliimbia. Nje ya ukumbi kulikuwa na sanamu bapa ya steringi, ndefu kama nyumba ya ghorofa mbili, ambayo vijana waliipanda kwa ngazi na ndoo za maziwa, wakaimwagia kichwani kama inavyomwagiwa sanamu ya hekaluni. Onyesho la kwanza lilianza kabla ya alfajiri. Mwenye ukumbi aliyesimama akiyatazama hayo angewezaje kudhani kwamba amelipa bei ya juu mno?

Masanduku yaliyotekwa

Baba ilipotoka ilikutana na jambo ambalo hakuna msambazaji aliyeliweka kwenye hesabu. S. Ramadoss, mwanzilishi wa chama cha PMK ambacho nguvu zake ziko kwenye jamii ya Vanniyar kaskazini mwa Tamil Nadu, alimshutumu Rajinikanth hadharani kwamba anawaharibu vijana kwa kuvuta sigara na kunywa pombe kwenye picha. Shutuma hiyo ilimgusa mahali penyewe. Tangu miaka ya sabini sigara ilikuwa sehemu ya mwili wa Rajinikanth kwenye skrini: anairusha hewani, anaidaka kwa midomo, ukumbi unalipuka. Kwenye matangazo ya Baba alionekana na bidi, ile sigara ndogo ya majani ya watu wa kawaida.

Wafuasi wa chama hicho hawakuishia kwenye maneno. Kumbi zilivamiwa, mabango yakachanwa, na masanduku ya mikanda yakatekwa. Sanduku lilelile lililopokelewa kwa kafuri likawa la kwanza kuwindwa, kwa sababu ukilichukua sanduku ukumbi hauna cha kuonyesha, na hakukuwa na nakala nyingine karibu ya kuazima siku hiyo.

Wapo wanaosema hapo ndipo Baba ilipouawa. Sikubaliani nao. Vurugu ziliwaumiza wenye kumbi wa kaskazini, hilo ni kweli, na familia zenye watoto zilipata sababu ya kubaki nyumbani. Lakini PMK haikuwa na nguvu Coimbatore wala Madurai, na huko pia watu hawakurudi kuitazama mara ya pili. Picha za Rajinikanth hazikujengwa juu ya watu kuitazama mara moja. Zilijengwa juu ya kijana anayeitazama mara sita, kisha anamleta mama yake na dada zake. Baba ilimpata kijana huyo mara ya kwanza tu.

Kwa nini? Nadhani jibu limo ndani ya hadithi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni sehemu ambayo watu huipita haraka.

Hadithi za Rajinikanth za miaka ile zilikuwa na mfupa mmoja. Mtu wa chini, mpole, anadhalilishwa mbele ya watu, anavumilia kupita kiasi, halafu katikati ya picha anageuka. Katika Baashha yeye ni dereva wa bajaji anayeitwa Manickam. Jambazi la mtaani linamfunga kwenye nguzo na kumpiga mbele ya familia yake na watu wa mtaa, naye hanyanyui mkono. Damu inamtoka, anatabasamu. Mtazamaji anateseka kuliko yeye, kwa sababu anajua kuna kitu ndani ya mtu huyu. Baadaye dada yake anapoguswa, na Manickam anapong'oa pampu ya maji na kuanza kupiga, ukumbi mzima unapumua kwa pamoja. Hapo ndipo fedha za msambazaji zinaporudi.

Baba haina nguzo ile. Shujaa ni kijana mhuni asiyeamini Mungu, ambaye kumbe ni mtakatifu wa Himalaya aliyezaliwa upya. Anapelekwa mbele ya Mahavatar Babaji, yogi ambaye Rajinikanth mwenyewe humheshimu kwa dhati katika maisha yake, na anapewa maneno ya siri yatakayomtimizia maombi saba. Haamini, kwa hiyo anayajaribu kwa mambo ya ovyo: anatamani kishada kinachopepea angani kimjie mkononi, nacho kinamjia. Wazo lenyewe ni zuri. Mtu aliyepewa neema na kuitumia kwenye mchezo ni hadithi ya kweli kuhusu binadamu. Lakini mtu mwenye maombi saba mfukoni hatuwezi kumwogopea. Steringi hafi, hilo kila mtazamaji analijua tangu utotoni. Kazi ya hadithi ni kumsahaulisha kwa saa mbili, na Baba haikuifanya kazi hiyo.

Kisha kulikuwa na siasa. Tangu 1996, aliposema kwamba hata Mungu hataiokoa Tamil Nadu kama kiongozi wa jimbo wa wakati huo, Jayalalithaa, akirudi madarakani, na Jayalalithaa akashindwa kweli, watu walimsubiri Rajinikanth aingie ulingoni. Baba ilicheza na matarajio hayo waziwazi. Wimbo mmoja unauliza: utawala au Himalaya? Mwishoni shujaa anaondoka kumfuata guru wake milimani, anasikia kwamba mtu mwema ambaye yeye alimsaidia kupata uongozi wa jimbo ameuawa, naye anageuka na kurudi kwa watu. Mashabiki waliitazama ile hatua ya kugeuka kama tangazo. Waliotaka hadithi wakaona hotuba, na waliotaka tangazo walitoka ukumbini bila chama cha kujiunga nacho. Imani yenyewe iliwekwa mbele ya watazamaji wa jimbo ambalo siasa zake zimelelewa na fikra za Periyar, aliyepinga dini maisha yake yote. Sioni hilo kama kosa. Ulikuwa ujasiri, na nampa heshima kwa hilo. Ila ujasiri wa msanii ulikuwa umeuzwa kwa bei ya burudani ya uhakika.

Ilipotolewa tena Desemba 2022, karibu na siku yake ya kuzaliwa ya 72, ilikuwa imekatwa upya na kufupishwa. Nadhani hiyo ni kukiri kwamba kulikuwa na picha nzuri zaidi ndani ya ile ya kwanza.

Fedha zinarudi

Sasa turudi kwenye malipo. Iangalie hali ya Rajinikanth mwishoni mwa 2002. Yeye ndiye mtayarishaji, kwa kampuni yake ya Lotus International. Picha haikukosa watu siku za mwanzo, kumbi zilijaa. Tatizo lilikuwa pengo kati ya kilichoingia dirishani na bei ambayo wasambazaji walilipa. Fedha za pengo hilo zilikuwa zimeshamfikia muuzaji. Muuzaji ni yeye.

Kisheria angeweza kufunga mlango. Mtu akinunua eneo kwa hiari yake, mapato ya juu au ya chini ni bahati yake, na hakuna msambazaji aliyewahi kumpelekea ziada ya faida ya Padayappa mtayarishaji aliyeuza moja kwa moja. Alichagua kuifanya hesabu upya. Nalitazama tendo lile kama kusahihisha bei. Alikuwa ameuza kwa bei ya jina lake, soko likaonyesha thamani halisi, naye akarudisha tofauti. Kuna heshima ndani yake na kuna akili ya biashara pia, kwa sababu wale wasambazaji ndio wangenunua picha yake ijayo, na msambazaji aliyefilisika hanunui.

Kilichokosekana ni maneno. Nadhani laiti angesema wazi kwamba analipa kama mtayarishaji, na kwamba picha atakazoajiriwa kucheza ni jambo jingine, miaka iliyofuata ingekuwa tofauti. Tendo jema lisilo na mipaka hugeuzwa desturi na wanaolipokea, na wanaolipokea si watu wabaya: wana madeni.

Baada ya hapo alikaa kimya tena. Picha iliyotangazwa mwaka 2004, Jaggubhai, akaiacha kabla haijaanza. Mwaka huohuo, kwenye uchaguzi wa bunge la India, alijitokeza dhidi ya PMK kwenye majimbo sita ya uchaguzi ambayo chama hicho kiligombea. PMK ilishinda yote sita. Magazeti yakaanza kuuliza kama jina lake bado lina uzito.

Jibu lilikuja tarehe 14 Aprili 2005, mwaka mpya wa Kitamil. Chandramukhi ilitoka siku moja na picha mpya ya Kamal Haasan na nyingine ya Vijay. Ukiilinganisha na Baba utaona kila kitu kimepinduliwa. Mtaji haukuwa wake, ulikuwa wa Sivaji Productions, kampuni ya familia ya marehemu Sivaji Ganesan. Hadithi ilikuwa imeshajaribiwa: picha ya Kimalayalam ya 1993 ambayo muongozaji P. Vasu alikuwa ameshaifanya kwa Kikannada. Nafasi yenye uzito mkubwa ya uigizaji alipewa Jyothika, na Rajinikanth akakubali kukaa pembeni kama daktari wa akili hadi zamu yake ifike. Ilikaa kwenye ukumbi wa Shanthi wa Chennai kwa siku 890. Kwenye hafla moja ya picha hiyo aliwaambia watu kwamba yeye si tembo, ambaye akianguka huchukua muda kuinuka. Yeye ni farasi.

Jambo dogo nililolipenda: sigara ilianza kutoweka. Katika Sivaji ya 2007 anachorusha hewani na kukidaka kwa midomo ni peremende. Wakati huo Anbumani Ramadoss, mtoto wa yule aliyemshutumu, alikuwa waziri wa afya wa India na alikuwa akipigania kuondoa uvutaji kwenye picha.

Mwaka 2008, 2014, 2020

Kuselan ya Agosti 2008 ilikuwa hadithi ya kinyozi maskini na rafiki yake wa zamani aliyekuwa nyota wa sinema. Kinyozi ndiye mhusika mkuu, na nafasi hiyo ilichezwa na Pasupathy. Rajinikanth anaingia kama mgeni mwalikwa wa nafasi ndefu kidogo. Lakini kampuni ya Pyramid Saimira iliinunua kwa bei ya picha ya Rajinikanth kamili, kumbi zikatoa arubuni za picha ya Rajinikanth kamili, na mabango yakaonyesha uso mmoja. Ilipoanguka wenye kumbi walidai warudishiwe, na kidole kikaelekezwa Poes Garden, nyumbani kwake. Hakuwa mtayarishaji. Hakuwa hata mhusika mkuu.

Lingaa ndiyo kesi iliyo wazi kuliko zote. Ilitoka tarehe 12 Desemba 2014, siku anayotimiza miaka 64, miezi michache baada ya Kochadaiiyaan, picha ya michoro ya kompyuta iliyoongozwa na binti yake, nayo pia kukosa kutimiza matarajio. Mtayarishaji wa Lingaa ni Rockline Venkatesh. Yeye aliiuza kwa Eros, Eros ikaipitisha Vendhar Movies kwa Tamil Nadu, Vendhar ikawauzia wasambazaji wa maeneo, nao wakazipa kumbi. Hesabu mikono hiyo. Kila mkono uliongeza kitu chake. Wiki chache tu baada ya kutoka, wasambazaji walisema wamepata hasara, na Januari 2015 wakafunga kula hadharani jijini Chennai. Baadaye wakatishia kwenda kuomba omba kwa bakuli karibu na nyumba ya Rajinikanth. Venkatesh alilalamika kwamba kuitangazia watu hasara wakati picha ingali kumbini ndiko kulikoiua. Mazungumzo yakavutana kwa miezi, na mwishowe fidia ya sehemu ya hasara ikakubaliwa.

Angalia bakuli lilipelekwa wapi. Si Vendhar, aliyewauzia. Si Eros. Si mtayarishaji. Lilipelekwa kwa mtu pekee kwenye mnyororo ambaye hakuwa ameuza chochote. Na hoja yao, ukiisikiliza, ilirejea 2002 kila mara: alilipa kwa Baba.

Lazima niwatendee haki hata hivyo. Wana hoja nyingine ambayo ni nzito. Malipo ya steringi mkubwa ndiyo sehemu kubwa ya gharama ya picha, kwa hiyo bei anayolipa mtu wa Trichy imepanda kwa sababu ya malipo hayo. Kama uso wake ndio unaopandisha bei, kwa nini bei ikikataa abaki salama peke yake? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kusema mkataba umesema. Jibu langu ni kwamba basi liandikwe. Aamir Khan wa Mumbai kwa miaka mingi amekuwa akichukua mgawo wa faida badala ya kudai fedha zote mbele, na kwa njia hiyo picha ikianguka naye anaumia bila mtu yeyote kufunga kula. Nyota wa Kitamil akilipwa kidogo mwanzoni na mgawo baadaye, bei ya kuuzia maeneo inashuka yenyewe, na mwenye ukumbi analala usingizi. Kumlipa yote mbele na kumfuata nyumbani baadaye ni kuijenga biashara nzima juu ya tabia ya mtu mmoja. Siku moja atakuja nyota ambaye hajali.

Darbar ilitoka Januari 2020, kazi ya muongozaji A. R. Murugadoss na kampuni ya Lyca. Yaleyale. Safari hii Murugadoss alilazimika kwenda Mahakama Kuu ya Madras kuomba ulinzi wa polisi, kwa sababu wasambazaji waliokuwa wakidai fidia walimwandama. Muongozaji! Deni lililoanza kwa mtayarishaji aliyelipa kwa hiari lilikuwa limeshahamia kwa steringi wa kuajiriwa, na sasa likawa linabisha mlango wa mtu anayesema "kamera, anza".

Kisha Agosti 2023 ikaja Jailer, ya muongozaji Nelson na kampuni ya Sun Pictures, ikaingiza fedha nyingi ajabu. Mwenye kampuni, Kalanithi Maran, alimkabidhi Rajinikanth hundi ya sehemu ya faida na gari la BMW X7. Nelson na mtunzi wa muziki Anirudh walipata Porsche kila mmoja, na wafanyakazi zaidi ya 300 wa picha hiyo wakapewa sarafu za dhahabu. Niliziangalia picha za wale wafanyakazi kwa furaha ya kweli, maana mafundi taa na wapishi wa kambi za sinema hawakumbukwi mara nyingi. Lakini hiyo nayo ilikuwa hiari ya mwenye mali, kama ilivyokuwa 2002. Hakuna kifungu cha mkataba kilichoigusa. Msambazaji anayekopa leo kuinunua picha ijayo ya Rajinikanth anatia saini karatasi inayosema hasara ni yako, na moyoni anaamini kwamba ikitokea, kuna mlango Poes Garden wa kubisha.